Sifuri kwenye jedwali la makaa ya mawe

Mpwa wangu aliweka kompyuta yake juu ya meza ya uani, kwetu Katuba, akaigeuza ili nione. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana na betri yake ilikuwa inaelekea kwisha, kwa hiyo alisema haraka.

"Mujomba, wewe kazi yako ni forodha. Angalia kama hii inasimama."

Lilikuwa jedwali la kazi yake ya kumaliza mwaka, fakaliti ya uchumi hapa Lubumbashi. Nchi sita, na safu moja ya takwimu: pesa ambazo kila serikali iliacha kukusanya kwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Marekani ilikuwa juu. Chini kabisa kulikuwa na nchi yenye sifuri.

Kabla sijamjibu, aliingia kijana anayetuletea makala, yaani mkaa wa kupikia, kwa baiskeli kutoka barabara ya Kasenga. Mifuko miwili, jasho mpaka viatuni. Mke wangu akauliza bei, akashtuka.

"Mama, haiko miye njo nilipandisha bei. Ni ku barieri. Kila mufuko balilipisha."

Pale kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, alilipa kwa nani, kwa karatasi gani, hakuwa na cha kuonyesha. Ila kiasi alikijua mpaka faranga ya mwisho.

Mambo hayo mawili yalinikalia kichwani kwa majuma. Kijana mmoja anayejua hasa kodi ya kila mfuko wake, na jedwali la nchi sita ambamo hakuna mtu anayeweza kusema kwa uhakika mchimbaji gani amesamehewa nini.

## Punguzo lisiloisha

Nilianza na Marekani kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu.

Kampuni ikinunua mashine, inaruhusiwa kuiondoa bei hiyo katika faida inayotozwa kodi, kidogo kidogo kwa miaka, mpaka bei yote iishe. Hilo lipo karibu kila nchi, kwetu pia. Mgodi wa makaa ya mawe nchini Marekani una njia ya pili. Kila mwaka mwenye mgodi anaweza kuondoa asilimia 10 ya mauzo ya makaa yake kabla ya kukokotoa kodi, mradi kiasi hicho kisizidi nusu ya faida ya mgodi huo. Wazo la mwanzo ni kwamba mgodi unakwisha kadiri unavyochimbwa, basi mwenye mali afidiwe kwa kile kinachopungua.

Lakini sheria haiulizi alitumia kiasi gani kuupata.

Tuseme mgodi uligharimu dola milioni 10 na unauza makaa ya dola milioni 20 kwa mwaka. Punguzo ni milioni 2. Baada ya miaka mitano gharama yote imekwisha kurudi. Mwaka wa sita punguzo linaendelea, na wa saba, na wa ishirini, maadamu makaa yanatoka. Kwa makampuni, ile sehemu inayozidi gharama inakatwa kwa asilimia 20, lakini iliyobaki bado wanaiondoa. Mtu anafidiwa kwa kitu ambacho amekwisha kulipwa. Nilirudia kusoma mara kadhaa nikidhani nimeruka mstari.

Mwaka 2025 yaliongezwa mengine. Makaa ya migodi ya juu kwenye ardhi ya serikali kuu yalikuwa yakilipiwa mrabaha wa asilimia 12.5, sheria mpya ikauteremsha usizidi asilimia 7 hadi mwaka 2034. Na makaa yale ya kutengenezea chuma yakapewa nafuu ya kodi sawa na asilimia 2.5 ya gharama za uzalishaji, hadi mwisho wa 2029.

Hapo ndipo shaka yangu ya kwanza ilipoanza. Mrabaha si kodi ya faida. Ni bei ambayo mwenye ardhi anamtoza anayechukua mali yake. Serikali ikiuteremsha, imesamehe kodi au imeuza rahisi? Mpwa wangu alikuwa ameweka vyote katika safu moja. Sikumlaumu, maana wakubwa wanaotengeneza majedwali ya namna hii nao hawakubaliani.

## Kodi iliyopanda, mzigo ulioshuka

India ilinizuia kwa siku nyingi kuliko nchi nyingine yoyote.

Mwaka 2010 India ilianza kutoza rupia 50 kwa kila tani ya makaa ya mawe. Ikapanda hadi 100, kisha 200, na mwaka 2016 ikafika 400. Wakati bei ya dunia inayumba, rupia 400 zilikaa palepale, juu yake kodi ya mauzo ya asilimia 5. Mtu yeyote angesema: nchi hii inayabana makaa ya mawe, na ndiyo inayoyategemea kwa umeme wake mwingi. Nilivutiwa.

Septemba 2025 zile rupia 400 zikafutwa, na kodi ya mauzo ikapandishwa kutoka asilimia 5 hadi 18.

Ukisoma haraka utaona kodi imepanda zaidi ya mara tatu. Fanya hesabu sasa. Tani ya rupia 1,000 zamani ilibeba 50 jumlisha 400, yaani 450. Leo inabeba 180. Tani ya rupia 5,000 zamani ilibeba 650, leo 900. Mpaka uko kwenye rupia 3,000 na kitu: chini ya hapo mzigo umepungua, juu yake umeongezeka. Makaa ya bei ya chini, ambayo mara nyingi ndiyo yenye majivu mengi, yakapata nafuu. Yale mazuri ya bei ya juu yakalemewa.

Je, hiyo ni ruzuku? Hakuna aliyeandika neno hilo popote. Kiwango kimepanda, serikali imesema imepanga upya kodi zake, na kweli imepanga. Lakini mchimbaji wa makaa hafifu amelala akiwa na mzigo mmoja na kuamka na mwingine mwepesi. Katika safu ya "mapato yaliyoachwa" haonekani, kwa sababu kodi mpya ndiyo kanuni mpya, na mtu anayelipa kanuni hajasamehewa chochote.

Hapo nikaanza kuogopa ile sifuri.

## Kila soko na meka yake

Mimi najua msamaha wa kodi kwa upande wa karatasi. Mzigo unapoingia mpakani Kasumbalesa ukiwa na msamaha, hati haiachwi tupu. Thamani inaandikwa, kiwango cha kawaida kinajulikana, orodha ya vifaa vilivyokubaliwa inaambatanishwa, na anayetaka anaweza kukokotoa kilichoachwa. Msamaha una kivuli chake, na kivuli hicho ni kile kiwango cha kawaida.

Ndiyo maana swali lote linasimama juu ya neno moja la sheria. Mapatano ya ruzuku ya Shirika la Biashara Duniani yanasema kuna ruzuku pale serikali inapoacha mapato ambayo vinginevyo yangedaiwa.

Vinginevyo. Kwa kanuni ya nani?

Kwa kanuni ya nchi yenyewe. Nchi yenye kodi kubwa kwa wote, ikimpa mchimbaji unafuu mdogo, inaandikiwa tarakimu nene. Nchi yenye kodi ndogo kwa wote haijasamehe kitu, hata kama mchimbaji wake analipa nusu ya yule wa kwanza. Ni kama kulinganisha bei ya unga kati ya masoko mawili bila kuangalia meka ya kila muuzaji, kopo lake la kupimia, ina ukubwa gani.

Sihitaji kwenda Asia kupata mfano. Sheria yetu ya madini ya 2002 iliwapa wachimbaji kodi ya faida ya asilimia 30, wakati makampuni mengine yote nchini yalitakiwa kulipa 40. Hapo kulikuwa na upendeleo wa pointi kumi, na yeyote angeweza kuupima. Baadaye kiwango cha jumla kikashuka hadi 35, na leo ni 30.

Upendeleo umekwisha. Mchimbaji hakuongeza hata faranga moja.

Nilipolikokotoa hilo nilinyanyuka nikaenda kumtafuta mpwa wangu chumbani kwake. Kwenye jedwali la mtu wa nje, Kongo ingekuwa imefanya mageuzi: safu ya upendeleo kwenye kodi ya faida imefika sifuri. Kwa mtu wa miji ya migodi kama Kolwezi au Kipushi, hakuna kilichobadilika kwa njia hiyo. Kilichobadilika kilitoka kwingine, kwenye sheria ya 2018, iliyoupandisha mrabaha wa shaba kutoka asilimia 2 hadi 3.5 na kuuweka wa kobalti kwenye 10 baada ya kutangazwa kuwa madini ya kimkakati. Mtu anayetazama safu moja tu angekosa mageuzi ya kweli na kupongeza ya bandia.

Alisikiliza, akasema: "Lakini mujomba, profesa anataka cheo. Wa kwanza nani, wa mwisho nani."

## Mkono unaotoa, mkono unaochukua

Kwa ajili yake nilijaribu tena, nchi kwa nchi, na kila moja ilinipa fundo lake.

Australia inarudisha ushuru wa dizeli kwa wanaoichoma nje ya barabara za umma, na malori makubwa ya migodini yamo. Wachimbaji wanasema si ruzuku hata kidogo: ushuru ni wa wanaotumia barabara, wao wanatumia zao. Wapinzani wanasema dizeli ni dizeli na moshi ni moshi. Nimeisikia hoja hiyohiyo hapa kwetu kuhusu mafuta ya migodi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na kila upande ukiwa na hasira za haki. Mimi naegemea kwa wapinzani, kwa sababu anayepata marejesho makubwa ni yule mwenye malori mengi, na mkulima mwenye trekta moja ametajwa mbele ili apendeze.

Nchi hiyohiyo, jimbo la Queensland lilipandisha mrabaha wa makaa ya mawe Julai 2022, bei ilipokuwa imeruka. Sehemu ya bei inayozidi dola 175 za Australia kwa tani inatozwa asilimia 20, inayozidi 225 asilimia 30, na inayozidi 300 asilimia 40. Serikali kuu inarudisha kwa mkono mmoja, jimbo linachukua kwa mwingine. Mpwa wangu alikuwa ameandika mkono wa kwanza peke yake.

Indonesia inawalazimisha wachimbaji kuuza sehemu ya makaa yao kwa mitambo ya umeme ya nyumbani kwa bei isiyozidi dola 70 kwa tani. Bei ya dunia ilipopaa, pengo hilo lilikuwa kubwa mno. Hakuna kodi iliyosamehewa, hazina haijatoa senti. Mchimbaji ndiye aliyebeba, na anayechoma ndiye aliyepona. Wakati huohuo sheria ya mwaka 2020 ilifungua mlango wa mrabaha wa asilimia 0 kwa makaa yatakayoongezwa thamani ndani ya nchi.

Afrika Kusini ilianzisha kodi ya kaboni Juni 2019, randi 120 kwa tani ya hewa chafu. Kwenye karatasi ni ujasiri. Ndani yake kulikuwa na misamaha ya kuanzia asilimia 60 hadi 95 ya hewa chafu inayotoka. Na hili linatugusa moja kwa moja: migodi ya huku Katanga, maji yakipungua kwenye mabwawa yetu, hununua umeme kupitia nyaya za kusini, na sehemu kubwa ya umeme wa Afrika Kusini inatoka kwenye makaa ya mawe. Shaba inayosifiwa duniani kote kwa magari ya umeme imebeba ndani yake kodi ambayo haikulipwa Mpumalanga, jimbo la makaa ya mawe la Afrika Kusini. Nani ameiandika katika jedwali lake?

## Pampu za Ruhr

Kati ya zote, nchi niliyoikuta imefanya kwa uwazi zaidi ndiyo iliyotumia pesa waziwazi zaidi.

Ujerumani haikuficha. Tangu mwaka 1975 kila mtumia umeme alilipa nyongeza kwenye bili yake ili makaa ya nyumbani, yaliyokuwa ghali, yaendelee kununuliwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Katiba ikasema tozo hiyo ni kinyume cha sheria kuu. Tangu 1996 mzigo ukahamia kwenye bajeti ya serikali. Kila mtu akauona, kwa jina na kwa kiasi. Ukionekana, unabishaniwa. Mwaka 2007 wakakubaliana tarehe ya mwisho, na tarehe 21 Desemba 2018 mgodi wa Prosper-Haniel, mjini Bottrop, ukatoa kipande chake cha mwisho na kumkabidhi rais wa nchi.

Kwenye majedwali ya miaka ile Ujerumani ilionekana mkosaji mkubwa. Ilikuwa imeandika, basi.

Lakini hata hapo hesabu haikufunga. Ardhi ya bonde la Ruhr imezama kwa uchimbaji wa zaidi ya karne, na maji ya chini yakiachwa yatapanda. Pampu lazima zifanye kazi daima, na wenyewe wanasema daima kwa maana yake kamili. Kuna wakfu ulioundwa mwaka 2007 ili faida za uwekezaji wake zilipie pampu hizo baada ya migodi kufungwa. Angalau wameuliza nani atalipa, na wakaandika jibu.

Marekani ina mfuko wa wachimbaji wenye ugonjwa wa mapafu meusi, tangu 1978. Unalipiwa na kodi ya makaa yenyewe: dola 1.10 kwa tani ya chini ya ardhi, senti 55 kwa tani ya juu, isizidi asilimia 4.4 ya bei. Kodi hiyo imewahi kuachwa ishuke na kurudishwa, mpaka mwaka 2022 ikafanywa ya kudumu. Mfuko umekuwa ukikopa kwa hazina kwa miongo. Kila dola inayokopwa ni dola ambayo bei ya makaa haikuibeba. Sijaona jedwali linaloiweka kwenye safu ya msaada kwa uzalishaji, na mimi naiweka.

Shirika la Fedha la Kimataifa linajaribu kuhesabu hata moshi na joto la dunia. Kwa njia hiyo ruzuku za nishati chafu za mwaka 2022 zilifika dola trilioni 7, ambazo trilioni 1.3 tu ndizo bei iliyopunguzwa waziwazi. Nakubaliana na nia. Ila tarakimu hizo mbili zikikaa katika sentensi moja bila maelezo, msomaji anadhani trilioni 7 zimetoka hazina kwenda kwa wenye migodi.

Tunaoishi hapa tunaijua tofauti hiyo. Jiji letu lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, koki ya makaa ya mawe ikija kwa reli kutoka Wankie, ile Hwange ya leo nchini Zimbabwe. Moshi wa bomba lile ulikwenda upepo ulikoelekea, na upande huo udongo ulibaki uchi. Hakuna serikali iliyotia saini msamaha wa udongo ule.

## Alichoandika mwisho

Tulikaa tena uani, safari hii umeme upo. Nilimwambia aondoe sifuri.

Alikataa kuiondoa bila kuweka kitu mahali pake, na alikuwa na haki. Kwa hiyo tuligombana vizuri, kama wanavyogombana watu wanaoheshimiana. Mimi nilitaka kila nchi ioneshe tani moja ya makaa inabeba nini kwa jumla, kodi ya faida, mrabaha, tozo, ushuru wa dizeli, vyote, kama sehemu ya bei yake. Yeye akasema pesa za kweli zinazolipwa kwa tani hazichapishwi na kila nchi, na kwamba kazi yake ina kurasa arobaini, si mia nne.

Tulipokubaliana ni hapa: badala ya cheo kimoja, aweke mbele ya kila msamaha kanuni uliopimwa nayo, na mwaka unaoisha. Akaanza kujaza. Ujerumani, 2018. Nafuu ya makaa ya chuma ya Marekani, 2029. Mrabaha wa asilimia 7, 2034. Alipofika kwenye lile punguzo la asilimia 10 aliniangalia, maana halina mwaka. Nikamwambia aandike hivyohivyo: halina mwisho katika sheria. Na kama profesa bado anataka wa kwanza na wa mwisho, mimi ningeweka juu kabisa misamaha isiyo na tarehe, hata ile midogo, kwa sababu hakuna bunge linalolazimika kuamka siku moja na kuitetea tena.

Yeye haamini hilo. Anasema msamaha wenye tarehe huongezwa tarehe ikifika, na alinipa mifano mpaka chai ikapoa. Atatetea kazi yake mwezi ujao, nami nitakuwa nimeketi nyuma ya ukumbi.

Kuhusu mifuko ya makala, aliniuliza kama aiweke katika utangulizi. Nilimwambia ndiyo, na aandike kodi ya barieri kwa kila mfuko kama sehemu ya bei, kwa kipimo kilekile nilichokitaka kwa kila nchi. Kijana wa baiskeli atampa hesabu. Anayo kichwani.